Uzamivu

Wameiita uzamivu.
Mzamiaji hubana pumzi, akashuka;
mimi mwaka wa nne huu nasomea
namna ya kuwaambia watu thelathini
waitoe.

Mama Ndelilio, jirani yangu wa Tabata,
aliniuliza: udaktari wa nini, mwanangu?
Wa kuongoza bendi, nikasema. Ala za kupuliza.
Akanyamaza. Akavuta kanga juu,
akanionyesha goti lililovimba.
Na hili je, hawakukufundisha?
Nikalitazama goti. Nikasema pole.
Ndiyo noti pekee niliyokuwa nayo.

Kijiti changu ni chelewa ya fagio,
nimeipiga msasa, nikaivika kizibo cha chupa.
Klarineti ya Abela ni mpingo:
ulitoka Kilwa gogo,
ukarudi na vifungo vya fedha na ankara.
Ukumbini Mlimani feni moja inazunguka, moja inatazama.
Nainua mkono. Wananiangalia.
Kila nilichosoma kuhusu mkono huu
kimo kwenye kurasa mia mbili na sita,
na bado tromboni zinaingia
kila moja kwa saa yake.

Jumamosi moja tuba haikuja.
Kiti cha Shomvi kitupu,
na muziki bila tuba ni suruali bila mkanda,
unatembea huku umeushika.
Ilikuwa wiki mbili kabla ya mtihani.
Nikapanda bodaboda na hasira yangu hadi Sinza.

Nikamkuta nyuma ya pikapu, shati la njano,
tuba imemzunguka kama chatu aliyeshiba.
Tarumbeta mbili, tromboni yenye kiraka cha lehemu,
ngoma moja, na kijana wake asiye na kiatu kimoja.
Mpiga video alirudi kinyumenyume, mtaro ukimsubiri.
Bibi harusi kwenye foleni, kioo kimeshushwa,
shela yote nje.
Hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na kijiti.
Nikatafuta: nani anahesabu?
Si ngoma. Si mguu wa mtu.

Halafu nikaliona bega la kushoto la Shomvi
likipanda unene wa kidole,
kama mtu aliyekumbuka jambo,
na wote watano wakavuta hewa ileile,
moshi wa lori, vumbi, mafuta ya chipsi,
wakaishikilia

na mtaa ukafunguka.

Hasira niliisahau kwenye bodaboda.
Usiku ule nikaifuta sura ya nne.
Profesa Kokushubila akaisoma mpya,
akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Chanzo?
Nikaongeza tanbihi, ya mia na kumi na mbili:
Bega la kushoto, Shomvi Mwinyikambi, fundi pancha, Buguruni.
Sinza, saa tisa na robo alasiri.
Mwandishi alikuwa amesimama mtaroni.
Hakuifuta. Alisahihisha nukta.

Siku ya mtihani nilikiweka kijiti juu ya stendi.
Jopo likaandika kitu.
Nikainua bega.
Hakuna aliyeingia, isipokuwa Abela,
peke yake, mapema, kama mgeni aliyekosea siku.
Shomvi akacheka ndani ya tuba,
na ukumbi ukatetemeka hadi kwenye viti vya wazee wa jopo.
Jasho likanishuka mpaka soksi.
Nikaacha kuwaongoza, nikavuta pumzi tu,
kwa kuwa nilikuwa naihitaji.
Wakaivuta nao.

Nimepita, nikamwambia Mama Ndelilio,
kwa marekebisho madogo, kurasa kumi na nne.
Akaketi kibarazani, akanyoosha mguu,
akauma mdomo, mikono imekaza kigoda.
Basi, daktari, akasema.

Nikainua bega la kushoto, bila kukusudia.
Akavuta pumzi.